Choo cha soko: shimo linatapika kila masika

mjumbe_soko: Wakuu, maji ya ardhini yako juu, shimo hujaa. Tunataka choo cha kutenganisha mkojo na kinyesi. Tujengeje kisinuke?

fundi_bomba: Msichimbe kabisa. Jengeni vyumba viwili vya kupokea kinyesi juu ya ardhi, sakafu ya zege. Kimoja kikijaa, kifungeni, hamieni cha pili. Kwa joto la pwani kinyesi kikae zaidi ya mwaka kabla ya kutolewa. Bomba la mkojo liwe la plastiki, inchi 2, lenye mteremko, bila kona kali: chumvi za mkojo huganda humo na kuziba. Chuma kitaliwa.

afya_mtaani: Vyoo hivi huuawa na maji. Watu wanatawaza, kwa hiyo wekeni sehemu ya kutawazia pembeni, maji yake yaende kwenye tuta la changarawe lenye migomba. Chumba kikilowa, majivu hayakaushi tena. Funza na harufu hapo hapo. Kila haja kubwa, kopo la majivu makavu. Na mhudumu alipwe jamani, asiyelipwa haleti majivu.

mama_bustani: Mkojo ni mbolea: ukae kwanza miezi 6 kwenye madumu yaliyofungwa. Dumu moja kwa matano ya maji, mwagieni udongo, si majani.

mjumbe_soko: Na pedi?

afya_mtaani: Ndoo yenye mfuniko ndani ya kila choo cha wanawake, imwagwe kila siku.