Wauza taa za LED za pikipiki mtatuulia watu, taa inawaka kali ila breki haionekani!!

Wakuu habari za saa hizi. Nina hasira tangu juzi na nisipoandika hapa sitalala.

Mimi ni mchuuzi wa samaki, natoka Kibamba saa tisa usiku naenda soko la samaki la Feri hapa Dar kuchukua mzigo, nafunga deli kwenye keria nageuza, kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili. Hiyo Morogoro Road saa hizo mnaijua, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha zile njia nane ziko wazi, semi trela za Zambia na Congo zinapita kama hazina breki, kwahiyo taa ya nyuma kwangu ni kitu cha kwanza nakagua kabla hata ya mafuta. Shida ikawa balbu za kawaida, zile zenye waya mwembamba ndani, hazikai. Kipande cha kutoka kwangu mpaka lami ni mashimo matupu, ule mtikisiko unakata waya wa balbu, wiki mbili tatu imekufa nanunua nyingine. Vijana wa kijiweni wakaniambia mzee weka LED utasahau.

Nikaenda Kariakoo. Jamaa wa duka akanitolea balbu ya LED nyeupe, imejaa vitaa vidogo vidogo kuzunguka kama mahindi kwenye gunzi, akaiwasha pale kaunta nikafumba macho. Akaniambia "kaka hii mtu anakuona kilometa nzima". Elfu 15. Balbu ya kawaida naipata kwa 1,500 jamani, lakini nikasema usalama hauna bei nikatoa hela. Nikafungiwa palepale nikaondoka nafurahi.

Siku ya nne narudi na mzigo, saa kumi na moja kasoro bado giza, nimepita Mbezi Mwisho mbele yangu akakatisha mtu na mkokoteni nikakanyaga breki. Breki ya kawaida tu, sio ile ya ghafla ya kuchora lami. Nyuma kulikuwa na kenta, nikasikia matairi yanalia halafu PAAA imenigonga kwenye deli. Deli limepasuka, vibua wametapakaa barabarani, mimi nikaenda na pikipiki mpaka pembeni kwenye mchanga. Mungu mkubwa nimechubuka goti na kiwiko tu.

Dereva akashuka, mzee wa makamo, anatetemeka kuliko mimi. "Kijana wangu mbona hufungi taa ya breki?" Nikamwambia mzee taa yangu mpya ina siku nne. Akaniambia hebu panda, kanyaga. Akarudi nyuma hatua kama kumi akasimama.

"Umekanyaga?"
"Nimekanyaga mzee."
"Achia. Kanyaga tena."
"Hiyo hapo nimekanyaga."
"Mbona haibadiliki?"

Wakuu nilishuka nikampa yeye akanyage na mimi nikaenda kusimama kulekule nyuma. Haibadiliki!! Taa inawaka kali muda wote, ukikanyaga breki inaongezeka kidogo sana, lazima ukodoe macho na uwe unajua unachotafuta. Sasa mtu aliye ndani ya kenta na usingizi wa alfajiri atajuaje? Yeye ameona mwanga tangu Kimara, akili yake imeshauzoea ule mwanga, na nilipofunga breki kwake hakuna kilichotokea. Ndio maana sikuweza kumlaumu yule mzee, tuliokota samaki wote wawili tukaachana.

Nikapeleka kwa fundi mmoja namwamini akaifungua. Balbu ya kawaida ina nyaya mbili ndani, moja wati 5 ya taa ya nyuma na nyingine wati 21 ya breki, yaani breki ina nguvu zaidi ya mara nne na ndio maana hata mtoto anajua umefunga. Na kule chini kuna nukta mbili, kila nukta na waya wake. Sasa hii takataka ya elfu 15, nukta zote mbili zinaenda kwenye vitaa vilevile, tofauti ni karezista kamoja kadogo kama punje ya mchele, hicho ndicho eti kinapunguza mwanga wakati hujafunga breki. Hakipunguzi kitu. Mwenye kiwanda anajua, aliyeleta kontena anajua, na naamini muuzaji pia anajua kwasababu alipoiwasha pale kaunta aliwasha nukta moja tu.

Na kuna la rangi. Fundi kanionyesha ukutani usiku, balbu ya kawaida nyuma ya kava jekundu inatoa wekundu uliokolea, hii nyeupe inatoa kapinki fulani hivi kaliofifia, tena kava limezuia sehemu kubwa ya mwanga kwasababu hizi LED nyeupe zina bluu nyingi na wekundu kidogo, na kava linapitisha zaidi ule wekundu. Kwahiyo ule ukali ulionifumbisha macho dukani, nusu yake na zaidi unakufa ndani ya taa. Kama kava ni jekundu unatakiwa uweke LED nyekundu, wangeniambia tu.

Nimerudi dukani na balbu mkononi. Jamaa hata hakuishika, akanionyesha kibao, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, halafu akaniambia "kaka wewe si ulitaka mwanga, mwanga si huo". Nilimwambia nimegongwa, nikamwonyesha goti. Akaendelea kuhudumia mteja mwingine, na anamuuzia nini, taa ya nyuma ya kupepesa bluu na nyekundu kama gari la polisi! Hizo nazo zimejaa mjini, na wengine wanaweka nyeupe kali nyuma, dereva akiiona usiku anadhani pikipiki inakuja kumbe inaenda. Mnategemea nini?

Msije mkanielewa vibaya mkasema LED ni mbaya, hapana. Jirani yangu ana taa nzima ya LED nyekundu, akifunga breki unaiona kutoka mbali inaruka kabisa. Tena LED inawaka papohapo wakati balbu ya waya inachelewa kama sehemu mbili ya kumi ya sekunde mpaka ipate moto, na kwa spidi ya 60 aliye nyuma yako hapo ameshatembea mita 3 na kitu. Mita 3 ndio deli langu na mgongo wangu. Kwahiyo LED nzuri inaokoa kweli, na ndio maana naumia, nimetoa hela mara kumi ya balbu ya kawaida nikanunua kitu kilichoniondolea hata ile breki niliyokuwa nayo.

Wenye maduka, mna betri pale kaunta. Gusisha nukta ya kwanza, gusisha na ya pili, mteja aone kwa macho yake na kava likiwa juu. Ni dakika moja. Hamtaki kwasababu mkifanya hivyo hizo mlizojaza hamtauza hata moja.

Kwasasa nimerudi kwenye balbu ya 1,500 na nyingine ya akiba iko mfukoni. Mwenye kujua duka lenye LED nyekundu ambayo breki inaonekana kweli aweke picha mbili hapa, moja hujakanyaga na moja umekanyaga, zipigwe usiku kwa umbali wa gari lililo nyuma. Bei sio shida, deli jipya limeshanigharimu zaidi.