Naomba ushauri: sura ya mahakama niitoe kwenye kitabu cha watoto?

Kinanda_Bukavu
Wanajukwaa, salamu. Niko Bukavu, nafundisha watoto kinanda, na kando ya hapo naandika. Nimemaliza kitabu kidogo cha watoto juu ya Clara Schumann, mpiga piano wa Ujerumani. Alizaliwa Leipzig mwaka 1819. Akapita miaka minne hajasema neno, nyumbani wakadhani ni kiziwi, kumbe sauti za piano alikuwa anazishika zote. Miaka 9 tu, huyo jukwaani katika ukumbi wa Gewandhaus.

Shida ni sura ya sita. Clara alitaka kuolewa na Robert Schumann, mwanafunzi wa baba yake. Baba, mzee Friedrich Wieck, ndiye aliyemfundisha piano tangu utoto, na akakataa katakata. Clara hajatimiza miaka 21, bila ruhusa ya baba hakuna ndoa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 1840 mahakama ikawapa haki. Sasa mfadhili wa kitabu hataki sura hiyo. Anasema hayo si malezi yetu. Mchapaji anasubiri kazi Jumatatu. Niitoe au niiache? Usingizi umenikimbia.

Mama_Bagira
Hongera mwanangu. Ombi langu: maandishi yawe makubwa. Vitabu vya siku hizi mpaka mtoto aviweke puani. Na karatasi iwe nzito, wangu wa mwisho anakulaka pembe za vitabu.

Lushois_Halisi
Weye, Mjerumani wa nini? Huku Katanga tulikuwa na Mwenda Jean-Bosco, gitaa moja tu na Kiswahili chetu, dunia nzima ikamsikiliza. Andika huyo. Mtoto wa Katuba Clara atampeleka wapi?

Kinanda_Bukavu
Ndugu wa Lubumbashi, Mwenda nampenda, lakini soma na haya. Mei 1849 vita viliingia mitaa ya Dresden, mji walikokuwa wanakaa. Robert alitafutwa abebe bunduki, wakatoka mbio na binti mkubwa, wadogo watatu wakabaki nyumbani na mtumishi. Clara, mimba ya miezi saba, akarudi usiku kwa miguu kati ya watu wenye silaha, akawatoa. Niambie kama mtoto wa Bukavu hataelewa hapo.

Mwana_Goma
Hapo umenigusa. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipotema moto ukapita katikati ya mji, sisi tulishafika Gisenyi, mama akasema anarudi. Tukalia, tukamshika kitenge. Akaenda. Tukajua amekumbuka karatasi za uwanja. Akarudi na sufuria ya maharage, bado ina moto, amefunga na mfuniko wake. Mpaka leo ukimwambia kitu anajibu, "Mlikula au hamkula?"

Mama_Bagira
Tulikula mama 😂

Mwalimu_Mstaafu
Turudi kwenye mada. Mimi namuunga mkono mfadhili. Mtoto kumburuza baba yake mbele ya hakimu, halafu tumwandike kama shujaa? Mzee Wieck alimlea binti baada ya kuachana na mama, akamfundisha kila siku, akamzungusha miji ya Ulaya. Leo kijana anakuja na maneno matamu, baba anageuka adui. Vijana, heshima kwanza.

Kadutu_Moja
Mwalimu, mtoto hakumwomba hayo. Mimi nina swali lingine. Huyo mfadhili ni nani, na sura ya sita inamuuma wapi?

Kinanda_Bukavu
Ni papa mmoja tu, mzazi wa mtoto ninayemfundisha. Mkristo, mfanyabiashara. Haihusiani. Swali langu ni la uandishi.

Kadutu_Moja
Inahusiana sana. Mtu anayetoa dola zake kwa kitabu cha watoto haogopi hakimu wa Leipzig aliyekufa zamani. Huyo papa ana binti mkubwa?

Kinanda_Bukavu
Anao.

Kadutu_Moja
Endelea. Tumeketi.

Kinanda_Bukavu
Sawa. Ninayemfundisha ni mdogo. Na dada yake mkubwa tunaelewana tangu mwaka jana. Niliwatuma wazee kwenda kujitambulisha, papa akawapa soda, akawasikiliza vizuri, mpaka leo hajajibu. Hakukataa! Halafu mwenyewe akasema atalipia kitabu. Nimeona ni mlango. Kama sura moja itafungua mlango, ubaya uko wapi? Clara ana mengi: miaka 16 anapiga konseto aliyoitunga mwenyewe, Mendelssohn, mtunzi mkubwa wa muziki, anaongoza okestra. Akalea watoto huku anazunguka kupiga ili wale. Ujerumani ikaweka sura yake kwenye noti ya mark 100. Kesi si kitu pekee.

Lushois_Halisi
Aaah! Kumbe hatukuitwa kwenye kitabu, tumeitwa kwenye mahari.

Mama_Bagira
Soda na kimya. Hapo mwanangu umekataliwa kwa adabu. Mume wangu alipewa hiyo soda, akarudi mara ya pili na mbuzi. Ila hakuleta kitabu.

Dawati_la_Saba
Mimi nasomeaga watoto wa parokia Jumamosi, nikusaidie kwa kazi. Ukitoa sura ya sita, ya saba inaanzaje?

Kinanda_Bukavu
Inaanza hivi: "Siku moja kabla ya kutimiza miaka 21, Clara aliolewa na Robert katika kanisa dogo karibu na Leipzig. Kila mtu alifurahi."

Dawati_la_Saba
Kila mtu? Wangu wa miaka minane watauliza papo hapo baba yake alikaa wapi.

Kinanda_Bukavu
Kuna picha. Mchoraji alichora harusi bila baba, maana kweli hakuwepo. Papa alipoona karatasi akasema baba hakosi harusi ya mtoto wake, amchore benchi la mbele. Nimekubali. Ni picha tu.

Kadutu_Moja
Ni picha tu, na mzee Wieck amekaa kwenye harusi aliyoipinga mahakamani akisema mkwe ni mlevi. Kutoa sura ni kunyamaza. Kumchora benchi la mbele ni kusema uongo. Hapo mimi natoka.

Mwalimu_Mstaafu
Hapo kwenye picha hata mimi nasita. Lakini walipatana baadaye, au sivyo?

Kinanda_Bukavu
Walipatana, mwaka 1843 mzee mwenyewe alimwandikia Robert. Ndiyo maana nasema si uongo mkubwa, nimemleta mapema tu.

Mdadisi_Nyawera
Jamani, polepole. Kijana wa muziki anaingia nyumba ya mtu kwa ajili ya piano. Baba mkali mwenye pesa. Binti. Baba hataki. Hiyo si sura ya sita yenyewe, imehamishiwa Bukavu? Robert naye alikaa nyumbani kwa Wieck kama mwanafunzi, 1830, Clara ana miaka 11. Huyu hana papa wala soda. Ana kitabu, anatafuta wanunuzi. Na sisi tumemtangazia bure.

Mwana_Goma
Eeh. Na mimi nimetoa sufuria ya mama yangu hadharani.

Lushois_Halisi
Weka picha ya harusi hapa tuone huyo baba.

Kinanda_Bukavu
Umeme umekatika tangu asubuhi, picha ziko kwenye kompyuta. Mdadisi, ningekuwa natunga ningetunga papa anayekubali. Na mimi sikukuta mtoto wa miaka 11, mwenzangu ni muuguzi ana mshahara kunizidi.

Mdadisi_Nyawera
Umeme. Sawa.

Mama_Bagira
Mwacheni, umeme hata kwetu hakuna. Huyo muuguzi anasemaje juu ya sura ya sita?

Kinanda_Bukavu
Hajaisoma. Nilitaka papa aanze.

Mama_Bagira
Yesu.

Dawati_la_Saba
Mpe yeye leo, kabla ya Jumatatu. Na ile ya Robert kujitupa mtoni Rhine, 1854, umeiwekaje?

Kinanda_Bukavu
Nimeandika aliugua akili, akapelekwa kwa waganga karibu na Bonn, akafariki 1856. Mto nimeuacha. Hilo papa hakugusa, ni mimi.

Dawati_la_Saba
Hilo limekaa vizuri. Umeona? Unajua kukata bila kudanganya. Fanya hivyohivyo kwenye kesi: mistari minne inatosha. Baba alikataa, Clara akaenda kukaa kwa mama yake Berlin, hakimu akaamua, baba akakasirika miaka mitatu. Na benchi la mbele mpe mama.

Kinanda_Bukavu
Mistari minne papa ataiona.

Kadutu_Moja
Ndiyo maana ya kuandika.

Msimamizi
Uzi umehamishiwa jukwaa la Hadithi na Simulizi.

Kinanda_Bukavu
Msimamizi, hii SI hadithi! Jumatatu ni kesho kutwa!

Mwana_Goma
Huku kwenye Hadithi tunakula nini?

Mama_Bagira
Mimi nataka tatu. Zenye hakimu. Bei ni ngapi, na naweza kutuma kwa simu? Herufi kubwa usisahau.