PUNDA KABAKI KWENYE PICHA, MIMI NIMEFUKUZWA!!!

Mwana wa Langoni:
Nimefunga, kwa hivyo matusi nimeyaahirisha hadi magharibi. Nayaandika kwenye karatasi yasinipotee.

Nyote mwamjua. Yule wa kofia ya vito na miwani myeusi, asiyeivua hata kwenye kiza cha vichochoro. Simtaji. Akisoma hapa atajikuna mwenyewe.

Siku kumi na moja hapa Lamu tunakusanya vitu vya ndugu zetu wa Ngazija, kisiwa cha Komoro, waliopigwa na kimbunga Kenneth tarehe 24 Aprili mwaka huu wa 2019. Kumi na moja! Nimechambua nguo mpaka naota vifungo. Nimeshona magunia 64 kwa shazia, kidole changu cha shahada kimekuwa chujio la chai. Yeye siku zote hizo tulimwona mara moja tu, alipoleta mfuko wake: kabuti la manyoya, kiatu kimoja cha kulia, na dawa ya kikohozi iliyopita muda wake tangu 2016. Kabuti la manyoya, kwenye joto la Moroni, mji mkuu wao! Mtu akilivaa adhuhuri itabidi tuchangishe tena, safari hii ya sanda.

Haya. Leo asubuhi mashua iko gatini, mzigo uende Mokowe, ng'ambo bara, ukapakiwe lori la Mombasa. (Bandari kubwa bado inajengwa hapa puani petu Kililana, kwa hivyo mzigo wa Ngazija lazima ukazunguke bandari ya Kilindini, Mombasa. Hilo nalo nitalifungulia uzi wake.) Punda ameshatuliwa shogi. Mimi nina gunia la mwisho begani, jasho limejaa nyusi, ulimi mkavu kama kigae. Ndipo anapofika bwana mkubwa na mpiga picha wake. Akaweka kiganja juu ya gunia. GUNIA NILILOSHONA MIMI. Akanitazama kwa juu ya miwani, akasema:

"Wachukuzi rudini nyuma, mnaharibu picha."

Mchukuzi, mimi! Hilo ningelimeza, mate yenyewe sina lakini ningelimeza. Sasa kijana mmoja akamshika punda naye amwondoe. Bwana akasema, "Aa, punda mwacheni, huyo anapendeza."

PUNDA ANAPENDEZA.

Jamaa, gati nzima ilicheka. Kunguru walicheka. Mwenye punda ndiye aliyecheka hadi akakaa chini. Mimi nikaenda kusimama nyuma ya pipa la dizeli, namtazama punda akipigwa picha kwa niaba yangu. Na ameikabili kamera, masikio yamesimama, sura imetulia, utadhani yeye ndiye aliyekesha na shazia.

"Punda mwacheni"! Nimejilaza tangu adhuhuri, nikifumba macho namwona yule punda.

Kofia Tupu:
Tuwekee picha tuhukumu wenyewe.

Shela Kijana:
Nimeiona kwa mato yangu. Wallahi punda katoka vizuri.

Mwana wa Langoni:
@Shela Kijana wewe umefunga au umeshinda na njaa tu?

Bi Mkubwa wa Mkomani:
Mwanangu, thawabu haipigwi picha. Ila na nyinyi wa Langoni mwapenda mbele. Mchele ule wote ulitoka mtaa wetu wa Mkomani, na hakuna aliyetuambia hata ahsante. Mimi nimefungua uzi?

Mwana wa Langoni:
Bi mkubwa, shikamoo. Mchele wenu ulikuwa na wadudu, niliupepeta mimi. Hata hivyo hakuna aliyekuita mchukuzi ukaambiwa punda anapendeza.

Maalim Mstaafu:
Wangazija si wageni hapa. Habib Swaleh aliyeuasisi msikiti wetu wa Riyadha alitoka kwao, na kila Maulidi wanakuja. Leo wamevunjikiwa nyumba, migomba imelala chini, nasi tunawapelekea kiatu cha kulia?

Nesi wa Zamu:
Hiyo dawa ya 2016 mliitoa kweli? Shirika la Afya Duniani linataka dawa ya msaada ifike ikiwa imebakiwa na mwaka mmoja angalau. Mkipeleka iliyokwisha, wao wenyewe ndio watakaogharimika kuiteketeza.

Mwana wa Langoni:
Tuliitoa, na kabuti pia. Kiatu kipo kwangu, nangoja siku nitakayokutana naye ana kwa ana.

Nahodha Bila Chombo:
Mnalilia picha. Sisi wavuvi, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka jana, 2018, tulipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya hiyo hiyo bandari ya Kililana. Watu 4,600. Mpaka leo hata ya nyavu sijaiona. Punda angalau kapata kitu.

Malindi Moja:
Ungekuja kwetu Malindi. Mzigo unapanda tuktuk, hakuna wa kukushinda sura.

Shela Kijana:
@Malindi Moja tuktuk ingemshinda pia.

Mwenye Punda:
Ndiye mimi. Kucheka nilicheka, samahani. Lakini safari zote zile kutoka stoo hadi gatini nani ananilipa? Mliniambia fi sabilillahi. Mimi naijua fi sabilillahi, punda anajua pumba.

Kofia Tupu:
Mlipeni punda, yeye ndiye sura ya kampeni 😂

Mama Sambusa:
Samahani kuingilia. Sufuria yangu niliyopikia uji wa futari ya watu wa magunia iko wapi? Niliiacha barazani juzi.

Mwana wa Langoni:
Mama, ile kubwa? Iliyokatika mkono mmoja?

Mama Sambusa:
Hiyo hiyo! Alhamdulillahi. Umeniwekea?

Mwana wa Langoni:
Iko gunia la 41. Vyombo vya jikoni.

Mama Sambusa:
GUNIA??? Sufuria ya mamangu! Imepika harusi saba!

Bi Mkubwa wa Mkomani:
Hawa ndio watu wa Langoni. Na sinia langu la shaba nalo silioni.

Mwana wa Langoni:
Sinia sijui. Lakini jamaa, tusitoke kwenye mada. Alisema "punda mwacheni", mbele ya watu...

Nesi wa Zamu:
Sinia la shaba lenye maua ukingoni? Nililiona kwenye gunia limechomoza.

Kofia Tupu:
Magharibi imeingia. Mwenye uzi, leta yale matusi ya karatasi.

Mama Sambusa:
Matusi yangoje! Hilo lori limefika wapi?

Malindi Moja:
Kuna lori la magunia limesimama hapa karibu nami, dereva anafuturu tende. Nimwulize?

Mama Sambusa:
Mwulize, baba! Gunia la 41. Mwambie mfuniko ninao mimi.