Nimeitwa kazi ya kupanda mikoko hapa Amu, nijiandae vipi?

kijana_mokowe
Asalam aleikum wazee, nimepata nafasi kwa ile programu ya vijana ya mazingira, miezi sita, jumatatu twaanza upande wa Manda. Walopita huko nambieni, kazi yaanza saa ngapi na nibebe nini, mamangu ashaninunulia gambuti mpya kabisa. Na malipo yaja kweli ama ni hadithi?

kaa_wa_tope
Gambuti wacha nyumbani 😂 tope likiikamata, mguu watoka peke yake. Tafuta raba kuukuu za kamba uzikaze sawasawa, kule mizizini kuna chaza zakata kama wembe. Saa ya kuanza usiulize mtu, uliza maji. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yapwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, hapo ndio mwapanda mbio mbio kabla hayajarudi, siku za maji mafu, yasiyopwa sana, mwashinda kitaluni kujaza mchanga kwa viriba, vile vifuko vya miche, mpaka mgongo ulie. Na usubi wa jioni, subhanallah, vaa mikono mirefu.

binti_matondoni
Mimi nataka kusema moja tu, msikubali kupanda ili idadi itimie. Sisi tulidunga mkoko mpaka kwa tope tupu huko mbele, picha zikapigwa watu wakapiga makofi, kusi ilipoingia ikazoa yote hata kijiti hakikubaki. Hii mikoko ni aina aina, mbele kabisa kwa bahari ni pa mlilana, mkoko wenyewe wafuata nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Mbegu ya mkoko wadunga moja kwa moja, mchu, aina nyingine, ndio wataka kiriba. Kama msimamizi hajui waulizeni wazee wakata boriti, wale walokaa bure marufuku ya kukata ilipokuja 2018, wanajua kila mti wasimama wapi na hakuna anayewauliza.

ami_wa_mkunguni
Malipo yaja, kwa Mpesa, ila yetu ya mwezi wa kwanza ilichelewa wiki tano kwa hivyo usikope dukani ukihesabu hiyo. Marekani walikuwa na kikosi cha vijana kama hiki, 1933 mpaka 1942, dola 30 kwa mwezi na 25 zatumwa nyumbani kwao moja kwa moja. Usimwambie mamako hii.

kijana_mokowe
Ashasoma, simu ni yake 😅 Gambuti amechukua babangu za shamba huko Hindi. Raba nimepata za kakangu, zapwaya kidogo, nikaze na kamba ya nyavu ama?

kaa_wa_tope
Kamba ya nyavu sawa, funga mpaka juu ya kifundo.