Naombeni ushauri: mdogo wangu kaunda injini ya chombo cha angani, anataka tuuze shamba la zabibu

Fundi wa Nkuhungu

Wakuu, mbukwenyi. Mimi ni fundi umeme hapa Nkuhungu, Dodoma. Marehemu baba alituachia ekari moja na nusu ya zabibu kule Hombolo, mimi na mdogo wangu aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana. Dogo ana akili, hilo halina ubishi. Miezi minane sasa anashinda stoo akiunda mashine anayosema ni injini ya chombo cha angani isiyotupa gesi wala kitu chochote nje. Ukiwasha, inakwenda.

Nieleze nilivyoiona. Ni ubao wenye magurudumu manne ya begi la safari. Juu yake kuna betri ya pikipiki na mota mbili za waipa ya gari. Kila mota inachezesha mkono wenye kipande cha nondo mwishoni. Dogo kachonga kamu, kile kipande kisicho duara kamili kinachosukuma mkono kikizunguka, inayofanya nondo zirudi nyuma kwa ghafla, halafu ziende mbele polepole. Akiwasha inapiga tak, tak, tak, na kila pigo ubao unasogea mbele kama upana wa vidole viwili. Magurudumu hayana mota. Nimelala kifudifudi sakafuni nikachungulia, hakuna kinachoyazungusha. Imetoka mlangoni hadi ukutani.

Sasa kapata mtu mtandaoni anayejiita wakala wa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Anataka milioni 4 aisajili nje ya nchi, kisha eti kampuni za roketi zitaigombania. Dogo anataka tuuze shamba. Anasema NASA walishapima injini ya namna hii na ikafanya kazi, kanionyesha na picha. Jibu linatakiwa Ijumaa ijayo. Sitaki kumvunja moyo, na sitaki kuuza jasho la baba kwa kitu nisichokielewa. Lakini mashine nimeiona inakwenda! Nifanyeje?

Kijana wa Makole

Mkuu, msaidie dogo. Kitu umekiona kwa macho yako, unataka ushahidi gani tena? Kama una wasiwasi na sakafu, iweke juu ya beseni la maji ielee. Ikisogea, shamba liende.

Mwalimu Chamwino

Pole na majukumu, kaka. Nafundisha fizikia sekondari na swali lako limenigusa, kwa sababu vijana wa aina hii ndio tunaowatafuta.

Dogo si mwongo. Mashine inakwenda kweli. Ila inasukumwa na sakafu.

Momenta ni tungamo mara kasi, ikiwa na mwelekeo wake. Huwezi kuibadilisha bila msukumo, na msukumo ni kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, mara muda ambao kani hiyo inafanya kazi. Nondo ikirushwa nyuma kwa ghafla, ubao unapokea kani kubwa kwa muda mfupi kuelekea mbele. Nondo ikienda mbele polepole, ubao unapokea kani ndogo kwa muda mrefu kuelekea nyuma. Zidisha kila upande, majibu yanalingana. Kama ubao ungekuwa angani, ungeruka mbele kidogo, ukarudi kidogo, ukabaki palepale.

Sakafuni kuna msuguano, na msuguano una kiwango chake. Kani kubwa inakivuka kiwango hicho, ubao unachomoka. Kani ndogo haikivuki, ubao unang'ang'ania pale ulipo, na ule msukumo wa kurudi nyuma unamezwa na sakafu, maana yake dunia nzima. Umewahi kukaa ndani ya gari lililokwama mchangani? Sukuma dashibodi hadi jasho likutoke, gari halitoki. Shuka, weka miguu chini, sukuma, linatoka. Mguu lazima ukanyage kitu. Roketi haina pa kukanyaga, ndiyo maana inatupa gesi nyuma.

Picha ya NASA nadhani ni ya EmDrive, injini iliyodaiwa kusukuma bila kutupa kitu nje. Mwingereza Roger Shawyer alianza kuinadi mwaka 2001: kopo la shaba lenye umbo la koni iliyokatwa ncha, ndani yake yanadundadunda mawimbi ya maikrowevu, yaleyale ya kupashia chakula. Mwaka 2016 kundi la Harold White wa NASA lilichapisha vipimo vya milinyutoni 1.2, yaani mikronyutoni 1,200, kwa kila kilowati (nyutoni ni kipimo cha kani). Ukiwasha taa ya kilowati 1 na mwanga wote ukaelekea upande mmoja, unapata mikronyutoni 3.3 tu, na huo mwanga angalau unatoka nje. Kopo lisilotoa kitu lilidaiwa kushinda mwanga mara zaidi ya 300. Ndiyo maana wengi walishtuka.

Kisha Martin Tajmar na wenzake wa Dresden, Ujerumani, wakapima upya. Mwaka 2018 walipunguza mawimbi yanayoingia kwenye kopo hadi karibu hayapo, na kani bado ikaonekana. Wakashuku nyaya za umeme, kwamba zinavutana na usumaku wa dunia. Mwaka 2021, baada ya kurekebisha mzani, wakaona joto la kifaa ndilo lililokuwa linatanua vyuma na kuupotosha mzani. Kani ikapotea.

Nayapenda sana majaribio yale ya Dresden. Watu walitumia miaka kutafuta mahali walipokosea wao wenyewe. Mwonyeshe dogo hilo.

Mvuvi wa Mtera

Shikamoo mwalimu. Nataka kurekebisha la beseni, msije mkadanganyika. Sisi kwenye mtumbwi, kafi likipotea, ukirusha kitu kizito nyuma mtumbwi unakwenda mbele, hilo kila mtu analijua. Lakini hata ukijitupa kwa nguvu upande mmoja na kurudi taratibu, bila kurusha kitu, mtumbwi unasogea. Maji yanashika kama mwalimu anavyosema sakafu inashika. Kwa hiyo ikisogea majini bado hamjajua lolote.

Mwalimu Chamwino

Marahaba. Umesema kweli tupu, na umenisaidia.

Kaka, ining'inize. Kamba ya mita 3, betri ikae juu ya ubao huohuo, usipitishe waya hata mmoja kutoka ukutani. Fanyia ndani, upepo wa Dodoma mnaujua. Kama mashine yote ina kilo 6 na inatoa nyutoni 1 tu ya kweli, itasogea kama sentimita 5 na *ikae* hukohuko muda wote inapowaka. Kubembea siyo ushahidi. Angalia katikati ya bembea imehama au haijahama. Na tafadhali dogo mwenyewe ndiye apime, usimpimie.

Fundi Mitambo Kibaigwa

Ndugu yangu, usitume hata shilingi. Hataza si cheti kwamba kitu kinafanya kazi. Mmarekani Norman Dean alipewa hataza mwaka 1959 kwa mashine ya vyuma vinavyozunguka, karibu sawa na hiyo ya dogo, na hadi leo hakuna chombo kilichopaa kwa hiyo. Mkiwa na kitu cha kusajili, nendeni wenyewe BRELA, ofisi ya serikali ya usajili.

Halafu nikuulize, dogo anajua thamani ya alichotengeneza? Kutikisa kwa ghafla upande mmoja na taratibu upande mwingine ndiko baadhi ya trei za viwandani zinavyosafirisha nafaka bila mkanda. Hapa sokoni tuna alizeti na mahindi ya kuhamisha kutwa nzima. Aje nayo.

Fundi wa Nkuhungu

Wakuu, nimerudi. Jana Jumapili tuliining'iniza kwenye kenchi la banda la seremala jirani yetu. Dogo alifunga timazi pembeni, nati kwenye uzi, akachora mstari wa chaki chini yake. Akawasha. Ubao ukabembea mbele na nyuma. Alipiga magoti akiangalia ule mstari karibu robo saa, akazima, akageuza ubao uelekee upande wa pili, akawasha tena. Katikati ni palepale.

Hakusema kitu. Aliishusha, akaiwasha sakafuni, ikaenda. Akachukua mafuta ya cherehani ya mke wangu akapaka kwenye ekseli zote nne, akawasha tena. Hatua za vidole viwili zikawa hazifiki hata kimoja, kila ikisogea inarudi. Ndipo akaniambia, "Kaka, ni sakafu." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na mimi yangu pia, sitaficha. Nilimwambia ningemdharau kama angeipaka mafuta kisha akanyamaza.

Yule wakala tumemwandikia hatutumi hela. Amejibu kwa matusi, tumemfungia.

Usiku dogo kanyofoa magurudumu, kafunga sinia la bati juu ya ubao, akamwaga kikombe cha alizeti. Mbegu zimetembea hadi ukingoni zikadondokea kwenye bakuli. Fundi wa Kibaigwa, anauliza trei ilale kwa mteremko gani, na mitikisiko iwe mingapi kwa dakika? Tunakuja Jumanne na basi la asubuhi.