Tupeane uzoefu: kinengenenge alikuchanganya vipi mara ya kwanza?

Jani Bichi: Wakuu, leo vinengenenge, vile vindege vya manjano-kijani, vimepita mtini vikiitana bila kunyamaza, nikakumbuka mbali. Miaka miwili nzima niliwaandika "chozi jike" daftarini, yule ndege mdogo mnyonya maua! Aliyenisahihisha alitaja kitu kimoja tu: mdomo. Wa chozi umepinda kama mundu, wa kinengenenge ni mfupi na hauna mkunjo huo. Nyie je?

Binti Msitu: Chozi jike! Hata mimi, nilidhani niko peke yangu.

Mzee Darubini: Mnahangaika bure. Tazama duara jeupe la jicho, basi. Jina lao la kisayansi, Zosterops, ni Kigiriki, maana yake mshipi wa jicho.

Mwanzi: Mzee, duara hilo liliniponza. Niliwafuata karibu saa nzima, hawatulii, wananing'inia kichwa chini wakidonoa vidukari. Ghafla wakaacha kula wote, wakazunguka tawi moja wakipiga kelele, na ndege wengine, shore, wakaja kuongeza zao. Nikasogea nilione jicho vizuri. Nikazungusha darubini, jicho likatokea, kubwa, halipepesi. Nyoka! Wa kijani, amejinyoosha kama kitawi, hatua mbili kutoka usoni pangu. Nilirudi kinyumenyume unyayo kwa unyayo, shati limelowa. Wale vindege, kila mmoja hazidi uzito wa barua, walibaki wanamfokea mpaka akaondoka.

Binti Msitu: Mamaa! Nyoka gani huyo? Alikutazama?

Kijiti: Wa kijani si wote wenye sumu, jamani.

Mwanzi: Kijiti, ungekuwa pale ungesubiri kujua?

Kijiti: Haya, pole. Ushauri wangu: cheza sauti yao kwenye simu, watakufuata wenyewe.

Jani Bichi: Usifanye hivyo wakati wa kutaga! Anadhani mpinzani kaingia, anaacha mayai kwenda kupigana na simu yako. Nakuomba.

Kijiti: Mara moja tu haidhuru.

Jani Bichi: Na wa pili naye akisema mara moja?

Tumbili: Wekeni darubini chini, jifunzeni kwa masikio.

Mzee Darubini: Bila darubini utaona nini? Wapemba wana aina yao ya kinengenenge isiyopatikana kwingine, na New Zealand walitokea makundi kwa makundi mwaka 1856, Wamaori wakawaita tauhou, mgeni. Duara ni lile lile.

Mwanzi: Makinda wakitoka kiotani hawana, Mzee.

Jani Bichi: Kweli. Nimerudi mtini sasa hivi, wapo sita. Mmoja hana duara, anatetemesha mabawa, analishwa. Nimeanza na mdomo.