Jino la kupandikiza linacheza: kipandikizi kimekataa au ni parafujo tu?

Kibogoyo Mstaafu: Wakuu, salaam. Gego langu la chini kulia niliwekewa kipandikizi mwaka juzi nilipokuwa India kwa matibabu mengine. Nikaambiwa nisubiri mfupa ushike, jino lenyewe la kukaa juu yake nikalimalizia hapa Dar kwenye kliniki moja. Mwanzoni safi kabisa, hadi mishikaki natafuna. Tangu Ramadhani linacheza. Nikilisukuma kwa ulimi nasikia "tk", na asubuhi upande huo una harufu mbaya. Maumivu hakuna. Wamelikaza mara mbili, linashika kidogo halafu linalegea tena. Sasa wanasema labda kipandikizi kimekataa, king'olewe tuanze upya. Hela iliyolala hapo nanunua bodaboda! Nikubali?

Mama Nasra: Pole kaka. Kwanza acha kutafunia upande huo. La shangazi yangu lilianza hivyohivyo, akaendelea na mahindi ya kuchoma, parafujo ikakatikia ndani. Kuitoa ndiyo ilikuwa shughuli.

Daktari Kinywa: Ndugu, usikubali kung'oa kitu kabla hujajua kinachocheza ni kipi. Ndani ya mfupa kuna kipandikizi chenyewe cha titani. Juu yake inakaa abatimenti, kile kishikizo kinachofungwa kwa parafujo ndogo. Halafu ndiyo krauni, jino unaloliona. Kipandikizi kikiachana na mfupa kinacheza chote, na mara nyingi eksirei inaonyesha kivuli cheusi kukizunguka. Parafujo ikilegea, juu kunacheza lakini chini kumetulia. Huo mlio unanipeleka kwenye parafujo, ila huwezi kuapa mpaka daktari atoe krauni na abatimenti, akijaribu kipandikizi peke yake.

Swali: abatimenti uliyowekewa Dar ni ya kampuni ileile ya kipandikizi?

Kibogoyo Mstaafu: Sijui, daktari. Walisema "hii inaingia tu".

Daktari Kinywa: Hiyo "inaingia tu" ndiyo inanitia shaka. Watengenezaji wa vipandikizi kama Straumann, Nobel Biocare, Osstem, kila mmoja ana umbo lake la tundu la kupokea abatimenti. Kuna ya pembe sita, kuna ya koni, na koni zenyewe mteremko haulingani. Kuingia na kukaa ni mambo mawili. Ikipishana kwa mikroni kadhaa (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huoni kwa macho, lakini mzigo wa kutafuna unahamia kwenye parafujo, na bakteria wanapata pengo la kujificha. Harufu yako inaweza kutoka humo. Piga eksirei ndogo ya jino hilohilo, na mionzi ikielekezwa kwa kuinama pengo halitaonekana.

Fundi Injini: Mimi ni wa magari, lakini hili nalijua. Boliti ya silinda hedi inashika kwa sababu imevutika kidogo na inataka kurudi. Kama uso haujakaa sawa, kaza utakavyo, italegea. Walitumia spana ya kipimo au nguvu za vidole?

Daktari Kinywa: Fundi umenena. Parafujo nyingi za abatimenti hukazwa Ncm 30 hadi 35 (Ncm, nyutoni-sentimita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza), kutegemea mtengenezaji, na vidole havifiki huko. Halafu unasubiri kama dakika 10 unakaza tena, maana nyuso zikishatulia mkazo hushuka. Na iliyolegea mara mbili isirudishwe, iwekwe mpya. Kibogoyo, unasaga meno usiku?

Kibogoyo Mstaafu: Mama watoto analalamika kila siku. Halafu nimefukua bahasha ya India, kuna kadi ina stika: jina la kampuni, kipenyo, na namba ndefu.

Daktari Kinywa: Hiyo kadi itunze kuliko risiti. Mpe daktari aagize abatimenti na parafujo za kampuni hiyo, kipimo hichohicho, kabla hajafungua chochote. Krauni ina kidoa katikati, juu?

Kibogoyo Mstaafu: Kipo, cheupe kidogo.

Daktari Kinywa: Basi huenda ni tundu la parafujo lililozibwa, itafunguka bila kukatwa. Zile zilizogandishwa kwa simenti mara nyingine hutobolewa. Akimaliza aangalie kama krauni inagonga kabla ya meno mengine, na akutengenezee plastiki ya kuvaa usiku.

Mama Nasra: Na hiyo kliniki ya "inaingia tu" waulize abatimenti yao ilikuwa ya nani. Waandike kwenye karatasi.